Mwaka Ulioandikwa na Karani wa Chifu

Je, mama yule wa Kianjokoma aliuawa na sindano yangu, au na mbu wa Mbeere? Nimeishi na swali hili miaka saba. Nimelitafuta katika vitabu, nimelizungushia maneno ya kitaalamu, na leo, mwezi mmoja baada ya kurudisha funguo za kliniki, bado sina jibu. Mliniomba, nyinyi mnaobaki pale, niandike machache kuhusu kazi ya kuwachanja wasafiri. Nimejaribu kuanza kwingine mara tatu, na kila mara nimejikuta nimerudi hapa. Basi na tuanze hapa, kisha nirudi nyuma kwa utaratibu.

Nilianza Meru, nikiwa na digrii ya uuguzi na koti jeupe lililonizidi kimo. Nilipanga chumba mwendo mfupi kutoka uwanja wa Kinoru, na siku ya kwanza nilifika kazini saa moja kabla ya walinzi kufungua geti. Nilidhani nitapelekwa wodini. Nilipelekwa mwisho wa ujia, kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya magongo, ambako waliokuwa wakienda nje ya nchi walichanjwa na kupewa vijitabu vya manjano. Vifaa vilikuwa vichache: jokofu dogo lenye mlango uliofungwa kwa kamba ya mpira, kisanduku cha barafu, rejista ndefu, muhuri na viti viwili. Magongo mawili yalikuwa bado yamesimama kwenye kona, na hakuna aliyewahi kunieleza yalikuwa yakimngoja nani.

Chumba hicho kilikuwa cha Sista Karimi, mwanamke wa Tigania mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Alipoambiwa kwamba nimetoka chuo kikuu aliniita Profesa, na jina hilo halikuniacha hadi alipostaafu. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kushika sindano. Alinikalisha kando nisikilize. Niliona ni dharau, na kwa kiasi fulani ilikuwa dharau, lakini ndiyo wiki niliyojifunza mengi kuliko mwaka wowote wa chuo.

Alikuwa na mazoea yake. Msafiri alipoketi na kutoa pasipoti au kitambulisho, Sista alikipokea kwa heshima, akakifunika kifudifudi mezani, kisha akaanza kuuliza. Swali la kwanza halikuwa unakwenda wapi. Lilikuwa: wiki hizi mbili umekuwa wapi? Aliyetoka penye homa hachanjwi kabla ya kupimwa. Baada ya hapo aliuliza kuhusu homa, dawa, mimba, mzio wa mayai, na ugonjwa wowote wa kupunguza nguvu za mwili. Kwa wazee aliongeza jambo jingine. Hakuwauliza umri. Aliwauliza walikuwa wakifanya nini wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, walipohamishwa na kukusanywa vijijini. Kama walichimba handaki la kuzunguka kijiji au walibebwa mgongoni. Na siku ya Uhuru walikuwa wamesimama upande gani wa uwanja, wakiwa wamemshika nani mkono. Aliandika majibu kwenye kipande cha karatasi, akapiga hesabu zake kimyakimya, na hapo ndipo alipokigeuza kitambulisho, mara nyingi akitabasamu kwa huruma.

Nilimwuliza sababu. Alisema kwamba wazee wa kwetu waliandikiwa miaka na makarani waliokuwa na haraka ya kwenda kula. Watu walihesabu umri kwa rika na kwa misimu ya njaa, karani akauliza mwaka wa Kizungu, na pale palipokosekana jibu akaandika ulio karibu na peni yake. Kwa kadi ya kupiga kura, alisema, kosa hilo halina madhara. Kwa chanjo ya homa ya manjano lina madhara, kwa kuwa imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili uliovuka miaka sitini mara chache sana hushindwa kuvidhibiti. Mtu wa umri huo hupimwa kwanza: safari yake ina hatari gani, chanjo ina hatari gani. Ikionekana ni afadhali asichanjwe, huandikiwa barua ya kumsamehe, na nchi nyingi huipokea.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu mikononi. Chanjo huja ikiwa unga mkavu katika chupa, pamoja na maji yake ya kuchanganyia. Chupa moja ni dozi kumi. Ukishachanganya una saa sita, baada ya hapo kinachobaki humwagwa. Kwa hiyo wasafiri walikusanywa siku moja ya wiki, Jumatano, na anayekuja Alhamisi alirudishwa hadi Jumatano nyingine hata akilia. Kijitabu huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, jambo ambalo wasafiri wengi huligundua wakiwa wamebakiza siku mbili. Mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Muthara alituambia kwa upole kwamba peni ni yetu na kalenda ni yetu, hivyo haoni shida ya kurudisha tarehe nyuma kidogo. Sista Karimi alimjibu kwamba shida iko kwa damu yake, ambayo haijasoma kalenda. Mtu yule alicheka hadi akajipangusa macho, kisha akaahirisha safari.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Embu nikaanzishe chumba kama kile. Sista Karimi alikuwa amestaafu, na muda si mrefu tulimzika huko Tigania siku ya manyunyu. Sikulia, nilipanga viti. Kwa miaka ya mwanzo nilifunika vitambulisho kama alivyonifunza. Kisha foleni zikarefuka. Vijana walianza kwenda Ghuba kwa makundi, wanafunzi India, wahubiri kila mahali. Siwezi kutaja siku niliyoacha kuvifunika. Mazoea mema hayaagi yanapoondoka. Nilianza kuvisoma vikiwa mkononi mwa mwenyewe, nikinakili mwaka huku nikiuliza maswali, baadaye nikinakili mwaka huku nikiyafupisha.

Jumatano ile nilikuwa nimeshachanja watu tisa. Ilibaki dozi moja na saa moja hivi ya uhai wake, nami nilikuwa natazama mlango kama mwenye duka. Ndipo akaingia mama mmoja mwembamba, aliyevaa sweta mbili, na kiondo kizito begani. Aliitwa Marigu, mkulima wa Kianjokoma. Kitinda mimba wake, Wanja, alikuwa akifanya kazi Afrika Kusini na alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mama Marigu alieleza kwamba mwanawe hana mtu huko wa kumpikia uji wala wa kumwonyesha namna ya kumshika mtoto, na kwamba yeye hajawahi kulala nje ya Embu isipokuwa harusini. Ndege ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Alikuwa amehesabu vizuri kuliko wengi waliosoma.

Nilichukua kitambulisho, nikasoma mwaka kwa sauti, nikasema ana miaka hamsini na saba.

"Hiyo mwaka iliandikwa na karani ya chifu," alisema. "Aliniangalia meno kama ya ng'ombe, akaandika."

Waliokuwa wamekaa wakisubiri vijitabu vyao walicheka. Mwanafunzi mmoja akamwuliza kama karani alimshika na mkia. Mama Marigu akamjibu kwamba karani alijaribu akapigwa teke, ndiyo sababu mwandiko wake umepinda. Kicheko kikaongezeka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha nikaandika hamsini na saba katika rejista. Kila nilichohitaji kujua nilikuwa nimeambiwa mbele ya mashahidi tisa.

Nilimpa ushauri mzuri kuhusu ndege: anywe maji, anyooshe miguu, asibebe mbegu wala maziwa. Nilimchanja mkono wa kushoto. Hakushtuka. Alipoinuka alifungua kiondo akatoa mfuko wa ndengu, akaniambia, "Chukua, mwanangu, upelekee mama watoto. Ni mpya." Nilishukuru nikauweka chini ya meza. Ndengu hazimei Kianjokoma. Kule ni chai, kahawa na baridi. Zile zilikuwa bado na vumbi jekundu la Mbeere, kule chini kwenye joto na mbu, ambako, kama nilivyokuja kujua, alikuwa amekaa wiki mbili akimsaidia dada yake mkubwa kuvuna kabla ya kumuaga. Nilikuwa nimepewa jibu la swali la kwanza la Sista Karimi, nusu mfuko wa jibu. Tulilipika Jumapili.

Wiki mbili baadaye alikuja mwanaume mmoja akiwa na kijitabu cha manjano nilichokiandika mwenyewe. Alijitambulisha kuwa Njeru, kaka yake Wanja. Alivua kofia na kuuliza kwa adabu kama jina lililo ndani linaweza kubadilishwa.

"Tunataka mama mkubwa aende kwa nafasi yake," alisema. "Wanja amejifungua. Yuko pekee."

Nilimweleza kwamba kijitabu ni cha mwili mmoja tu, hakirithiwi. Nikauliza kwa nini mama mwenyewe haendi.

"Tulimzika Jumamosi."

Alinisimulia akiwa amesimama, kwa kuwa nilisahau kumpa kiti. Homa ilianza siku ya tano baada ya chanjo. Walidhani ni uchovu wa mavuno. Siku ya saba macho yakawa ya manjano, akatapika damu. Zahanati ya karibu haikuwa na kipimo chochote siku hiyo, na mhudumu, aliposikia kwamba ametoka Mbeere, alimwanzishia dawa ya malaria, kama ambavyo mimi pia ningefanya. Alikufa asubuhi iliyofuata wakijiandaa kumleta mjini. Hakupimwa damu, hakupasuliwa. Nyumbani wote walikubaliana kwamba ni malaria ya huko chini.

Nilimuuliza mama mkubwa ana umri gani. Sijui ni nini kilinifanya niulize siku hiyo nilichoshindwa kuuliza siku iliyostahili.

"Hakuna anayejua vizuri," alisema Njeru. "Lakini wakati wa handaki yeye ndiye alikuwa akimtwika mama karai ya udongo. Mama alikuwa akituambia hiyo hadithi kila Krismasi."

Mtoto wa kutwikwa karai la udongo si mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilipiga hesabu kama Sista Karimi, kimyakimya, na haikunichukua muda. Mama Marigu alikuwa amevuka sitini kwa miaka sita, labda saba.

Ipo fomu ya kuripoti madhara yanayofuata chanjo. Haihitaji uhakika, inahitaji shaka tu, na shaka nilikuwa nayo ya kutosha. Nilichukua moja, nikaandika jina lake, nikafika kwenye nafasi ya umri, peni ikasimama. Niliikunja nikaiweka katika jalada la nyuma la rejista. Nilijiambia kwamba ripoti isiyo na kipimo itawatisha watu waache chanjo inayookoa wengi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ilinifaa kwa muda mrefu. Lakini mimi sikuwa nikiilinda chanjo. Nilikuwa nikimlinda mtu aliyecheka wakati wa kuuliza. Kila rejista ilipojaa niliihamisha fomu ile hadi kwenye rejista mpya, na haikuniuliza neno.

Tangu siku hiyo nilirudi kufunika vitambulisho. Wenzangu vijana walidhani ni ushirikina wa Kimeru, na sikuwarekebisha. Kendi, ambaye ndiye mwenye chumba sasa, alinitania kwamba nawalaza wasafiri usingizi kwa maswali. Siku moja nilimkuta akifanya hivyo hivyo, kitambulisho kifudifudi, akimwuliza mzee mmoja wa Runyenjes kuhusu siku ya Uhuru. Nilitoka nje nikasimama uani kidogo.

Kisha ikaja wiki yangu ya mwisho. Jumanne mchana alifika mwanamke mrefu mwenye uso niliodhani naujua, akiwa amemshika mkono msichana wa miaka saba. Alisema jina lake ni Wanja, binti wa Kianjokoma, amekuja likizo na anarudi Afrika Kusini baada ya wiki mbili, na mtoto hawezi kuingia huko akitokea Kenya bila chanjo. Nilimwambia chanjo ni kesho. Alisema anajua, alikuwa amekuja leo kuhakikisha kwamba nipo.

"Mama aliniambia kwa simu jioni ile," alisema. "Alisema daktari ni mtu wa kucheka, hata hakusikia sindano. Nikasema huyu wangu pia achanjwe na yeye."

Nilimwuliza mtoto jina lake.

"Marigu," alisema, akiyatazama magongo. Nilikuwa nimehama nayo kuja Embu, sijui kwa nini.

Wanja alieleza kwamba kwa desturi msichana wa kwanza angeitwa kwa upande wa baba, lakini mwaka ule wazazi wa mumewe wenyewe walisema jina liwe la marehemu. Alinishukuru kwa kumtendea mama yake wema. Niliupokea mkono wake. Nilisema tuonane kesho saa mbili, nikawasindikiza hadi getini.

Jioni hiyo nilikaa mezani nyumbani na fomu mbele yangu. Zilibaki siku tatu nikabidhi rejista, na Kendi angeikuta ile karatasi yenye jina moja bila maelezo. Ningeweza kuichana. Hakuna aliyeshuku chochote, na familia ilikuwa na kifo chenye jina, malaria, ambacho walikuwa wamekwisha kukililia. Nilijiuliza kama nina haki ya kuwanyang'anya jina hilo na kuwaachia swali. Nilijiuliza pia nitamshikaje mtoto yule mkono kesho yake nikiwa nimenyamaza. Swali la kwanza lilinishinda. La pili halikunishinda. Nikaamua kumwambia kabla chupa haijafunguliwa, ili kama atataka kuondoka, aondoke.

Asubuhi nilimwomba Kendi ampeleke mtoto akapimwe uzito. Nilimpa Wanja kiti na kumweleza kila kitu kwa mpangilio: mwaka wa kitambulisho, kicheko, ndengu, dozi ya mwisho, fomu. Sikutumia maneno ya kitaalamu. Alisikiliza akiikunja na kuikunjua kamba ya mkoba wake.

"Kwa hivyo ni sindano?"

"Sijui. Inaweza kuwa sindano, inaweza kuwa malaria. Sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba sikuuliza. Ningeuliza, nisingemchanja siku ile. Ningemwandikia barua, akasafiri nayo."

"Kulikuwa na barua?"

"Ilikuwapo."

Nje foleni ilikuwa imeanza kusogeza viti. Nilianza kusema kwamba naomba, akainua mkono kunizuia.

"Usiniombe kitu, daktari. Mimi nilijifungua nikimsubiri, walikuwa wamenificha, nikawaza amechelewa ndege." Akaelekeza kidole kwenye fomu. "Hapo kwa umri, andika sitini na saba. Mama mkubwa ndiye anajua, na bado yuko. Hakuna mtu alikuja kumuuliza."

Niliandika sitini na saba. Kendi alirudi na mtoto. Nilidhani Wanja atamshika mkono waende zao, na ningewafungulia mlango. Badala yake alimkalisha kwenye kiti kilicho mbele yangu, akaweka pasipoti yake mezani.

"Muulize yeye," alisema. "Maswali yote. Yale hukumuuliza mama."

Nilikigeuza kijitabu cha pasipoti kifudifudi. Nikamwuliza Marigu mdogo wiki hizi mbili amekuwa wapi. Alimtazama mama yake, kisha akahesabu kwa vidole: Nairobi kwa ndege, Kianjokoma kwa mjomba Njeru, halafu kwa nyanya wa chini, kwenye joto, ambako alilala siku nne na kuumwa na mbu hapa, na hapa, na hapa.

Kendi alimpima joto, akamtoboa kidole na kupima malaria. Tulikaa wanne tukikitazama kipimo. Hakikuonyesha malaria. Nilimwandikia Wanja kwenye karatasi kwamba mtoto akipata homa yoyote ndani ya wiki tatu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na aseme mambo yote mawili, kwamba mtoto amechanjwa homa ya manjano na kwamba ametoka Mbeere. Aliisoma, akaisoma tena, akaitia ndani ya sidiria kama wanavyofanya akina mama wa kwetu na vitu visivyopaswa kupotea.

Kisha alisema afadhali Kendi ndiye achanje. Nilisogea. Kendi alichanganya chupa, akachanja mkono wa kushoto, mtoto akauma mdomo asilie. Kazi yangu ikawa rejista. Niliandika jina, Marigu, na mbele yake umri, miaka saba, baada ya kumwuliza mama yake, kisha nikapiga muhuri.

Walipoondoka nilitia sahihi fomu, nikaandika tarehe mbili, ya wakati ule na ya siku hiyo, ili anayesoma aone pengo lililo katikati na ajue ni la nani. Nilivuka ua na kuikabidhi kwa afisa anayezipokea. Alitazama tarehe ya kwanza, akaniambia imechelewa. Nikasema ndiyo, na nikasubiri pale hadi alipoigonga muhuri.